Je, Mwili wa Mwanadamu Ungali Unabadilika?

Katika somo lililotangulia tulijifunza habari za mbu na chandarua. Leo tunaendelea na jambo lililo karibu na hilo, ijapokuwa mwanzoni utaliona liko mbali. Vijana wa Birere waliosoma shule hutuuliza: Mwanadamu wa kesho atakuwa wa namna gani? Wengine wamesikia kwamba baada ya miaka mingi watu watakuwa na vichwa vikubwa, na vidole virefu kwa sababu ya kushika simu mchana kutwa, na kwamba meno yatapotea kwa kuwa tunakula vyakula laini. Wengine husema mwili wa mwanadamu ulikwisha kukamilika zamani, wala haubadiliki tena. Majibu hayo yote mawili si sahihi. Mwili wa watu unabadilika hata sasa, lakini simu haina kazi katika mabadiliko hayo. Ushahidi wake tunao karibu, nao umo ndani ya damu yetu.

Kwanza tuondoe kosa moja. Mtazame kijana anayesukuma chukudu yenye magunia ya makala tangu alfajiri. Mabega yake yamekuwa magumu kama mbao. Je, mtoto wake atazaliwa na mabega hayo? Hapana. Mtoto atazaliwa laini kama watoto wote, naye akitaka mabega ya namna hiyo itampasa asukume chukudu mwenyewe. Vivyo hivyo mama aliyechanjwa chale usoni hazai mtoto mwenye chale. Kile tunachopata kwa kazi, kwa jeraha au kwa mazoea hakiingii katika urithi wa mwili. Mtoto hurithi kile tu kilichomo katika mbegu ya baba na yai la mama, na hivyo viwili havina habari ya chukudu wala ya simu.

Basi watu hubadilikaje? Urithi wa mwili ni kama barua ndefu sana inayonakiliwa kila mtoto anapotungwa mimba. Mtu akinakili barua ndefu, hapa na pale atakosea herufi. Mara nyingi kosa hilo halina neno. Mara nyingine huleta ugonjwa. Na mara chache humsaidia mtoto kuishi mahali ambapo wenzake wanakufa. Mtoto huyo hukua, huoa, huzaa, na herufi ile mpya huenea katika kizazi chake. Vizazi mia vikipita, watu wa mahali pale hawawi tena sawasawa na babu zao. Mfano mmoja ni maziwa. Watu wengi duniani wakishakuwa wakubwa hawawezi kuyeyusha maziwa mabichi tumboni, huwaletea kuhara. Lakini wafugaji wengi wa Tanzania, Kenya na Sudan huyanywa bila shida, na mwaka 2007 wataalamu walionyesha herufi za urithi zilizowapa uwezo huo. Zimeenea katika miaka elfu chache tu, tangu watu walipoanza kufuga ng'ombe.

Maziwa ni habari nyepesi. Ile ya damu ni nzito, kwa maana inawahusu watoto wanaolazwa katika vitanda vyetu.

Damu iliyopindika kama mundu

Damu yako imejaa chembe nyekundu ndogo sana. Chembe nzima ni ya mviringo, laini, imebonyea katikati, nayo hupita katika mishipa myembamba bila kukwama. Huishi siku 120 hivi, kisha mwili hutengeneza nyingine. Lakini wako watoto ambao chembe zao, zikipungukiwa hewa, hupindika kama mundu, yaani kile kisu kilichopinda cha kukatia majani. Chembe za namna hiyo ni ngumu. Hukwama katika mishipa, na kiungo kilichonyimwa damu huuma vibaya sana. Tena hufa upesi, baada ya siku 10 au 20 tu, ndiyo sababu mtoto huishiwa damu na macho yake huwa ya manjano. Ugonjwa huu huitwa drepanositozi. Watanzania huuita selimundu, nasi hapa mjini wengi husema tu SS.

Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari zake mwaka 1910, lakini ugonjwa wenyewe ni wa maelfu ya miaka. Chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika katika urithi wa damu. Herufi moja tu katika barua yote! Urithi wa kawaida huitwa A, na ule uliobadilika huitwa S. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye A mbili ni AA. Mwenye moja moja ni AS, naye kwa kawaida ni mzima, analima, anacheza mpira, anazaa, wala hajui kwamba anabeba kitu. Mwenye S mbili ni SS, naye ndiye mgonjwa.

Sasa fikiri vizuri. Zamani, kabla ya dawa na kuongezewa damu, karibu watoto wote wenye SS walikufa kabla ya kuzaa. Kila mtoto aliyezikwa alizikwa na S zake mbili. Basi kwa nini S haikwisha duniani zamani sana? Jambo hilo liliwasumbua wataalamu, hasa baada ya mwaka 1949, wakati Lehmann na Raper walipopima damu za watu wa Uganda. Miongoni mwa Baamba, walio upande wa pili wa Semliki, jirani kabisa na watu wa Beni, waliona watu 45 kati ya 100 wana S. Kwa makabila mengine ya Uganda hesabu ilikuwa ndogo zaidi, na kwa wengine ilikuwa ndogo sana.

Aliyepata jibu ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alipima damu pwani, kando ya Ziwa Victoria, na katika nchi za milima. Aliona kwamba pwani na kando ya ziwa S ni nyingi, na milimani ni chache mno. Akajiuliza: Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo? Kuna mbu wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha jibu lake, kwamba mtoto mwenye AS hukingwa asiuawe na malaria. Miaka 50 baadaye uchunguzi wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulitoa hesabu kamili zaidi: mtoto wa AS, akilinganishwa na wa AA, hatari yake ya kupata malaria kali ilipungua kwa karibu 90 kwa 100.

Umeona sasa. Katika nchi ya mbu, mtoto wa AA aliuawa na malaria, na mtoto wa SS aliuawa na damu yake mwenyewe. Yule wa katikati, wa AS, ndiye aliyekua na kuwa babu yetu. Kinga hiyo ililipwa kwa bei kali. Tukihesabu kwa Baamba wale, watu 45 kati ya 100 wakiwa AS, ndoa 20 hivi kati ya 100 zingekuwa za AS kwa AS, na watoto 5 hivi kati ya kila 100 wangezaliwa na SS.

Angalia usije ukasema, "Mimi ni AS, sihitaji chandarua." Mwenye AS huumwa malaria kama wengine, ila mara chache humfikisha pabaya. Tena mtoto wa SS hana kinga hiyo hata kidogo. Malaria ni mmoja wa wauaji wake wakubwa.

Somo la maharagwe

Watu wengi hushindwa kuelewa jinsi baba mzima na mama mzima wanavyozaa mtoto mgonjwa. Hapo ndipo maneno mabaya huanzia. Basi chukua vikombe viwili na maharagwe manne, mawili mekundu na mawili meupe. Jekundu ni A, jeupe ni S. Weka jekundu moja na jeupe moja katika kikombe cha baba, na vivyo hivyo katika kikombe cha mama. Wazazi wote wawili ni AS. Funga macho, vuta moja kutoka kila kikombe. Hayo mawili ndiyo mtoto. Andika ulichopata, rudisha maharagwe mahali pake, vuta tena. Ukifanya mara 40, utapata mekundu mawili karibu mara 10, mchanganyiko karibu mara 20, na meupe mawili karibu mara 10. Haitakuwa sawasawa kabisa, maana mkono haujui kuhesabu, lakini itakuwa karibu.

Na maharagwe hayakumbuki. Kwa kila mimba unavuta upya. Wazazi waliozaa watoto watatu wazima wasiseme wa nne hawezi kuwa SS, na waliozaa mmoja wa SS wasiseme zamu imepita. Kila mtoto ana nafasi moja katika nne.

Tazama tena: mtoto wa SS amepata S moja kwa baba na S moja kwa mama. Haiwezekani mama peke yake awe amemletea. Nasema hivi kwa sababu katika wodi zetu baba hukimbia, na shangazi huja kumwambia mama kwamba ukoo wake una laana, au kwamba mtoto anakula wenzake kwa uchawi. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya SS na kuoa mwingine bila kujua damu yake anaondoka na S yake mfukoni. Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, na Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9). Ndugu wengine huogopa neno "mageuko" kwa sababu wamesikia ni vita na Biblia. Katika somo hili hatubishani juu ya siku za kuumbwa kwa dunia. Tunasema tu yale yanayoonekana katika damu ya watoto, na ambaye hataki neno hilo atafute jingine.

Damu ya Birere

Goma iko juu, karibu mita 1,500. Mbu wa malaria wapo, lakini si kama chini Walikale. Tungekuwa watu wa mlimani tu, tungetazamia S iwe chache. Lakini Birere ni mahali pa watu wote. Wengine wamezaliwa hapa, wengine wamevuka mpaka kutoka Gisenyi, wengine wamekimbia vita vya Masisi na Rutshuru, wengine wameshuka kutoka Beni na Butembo kuuza maharagwe na mbao, wengine wametoka msituni Walikale. Lava ya mwaka 2002 ilipochoma nyumba na maduka, watu walijenga tena juu ya mawe, wakapanga karibu zaidi kuliko kwanza. Vijana wa mahali mbalimbali huonana sokoni na kwaya, huoana. Jambo hilo ni jema. Lakini maana yake ni kwamba kabila la mtu au mlima wa babu yake haukuonyeshi tena damu yake. Katika sehemu nyingi za Kongo karibu mtu 1 kati ya 4 au 5 ni AS. Kipimo ndicho kitakachokujulisha.

Hapa watu wengi huchanganya mambo. Kundi la damu, yaani A, B, AB au O, lile linaloandikwa kwenye karatasi ya mtoa damu, ni kitu kingine kabisa. Mtu aliyeandikiwa "A" asidhani kwamba ni AA. Tena kipimo kiitwacho Emmel, kinachofanywa katika maabara nyingi ndogo, huonyesha kama kuna S, lakini hakitenganishi AS na SS. Uliza kipimo cha elektroforesi, au kile cha haraka cha tone la damu ya kidole kinachoonyesha A na S zote mbili.

Lini upime? Kabla ya kuchumbiana ni bora, kabla ya mahari kutolewa. Ni vibaya sana kungoja mpaka tangazo la ndoa limesomwa kanisani, halafu ndugu waanze kuvutana. Wachungaji wengine hutaka kukataza kabisa ndoa ya AS na AS. Kwa maoni yangu hawana ruhusa hiyo. Wawili hao wapewe maharagwe, waelewe, waende nyumbani wafikiri na kuomba, kisha waamue wenyewe. Wakioana, mtoto apimwe mara azaliwapo, asingoje mpaka vidole vivimbe.

Na kesho?

Turudi kwa swali la vijana. Kwanza, malaria ikipungua, faida ya AS hupungua nayo. Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani walitoka katika nchi ambazo AS ilikuwa nyingi kama kwetu. Leo kati ya Wamarekani weusi mtu 1 kati ya 13 hivi ni AS. Sababu moja ni kuchanganyika na watu wengine, na nyingine ni kwamba malaria ilikoma huko, basi S ikabaki na hasara tu. Kila chandarua kinachofungwa vizuri Birere, pasipo mtu kukusudia, kinagusa damu ya wajukuu wa wajukuu.

Lakini usidhani utaona badiliko hilo mwenyewe. Kizazi cha watu ni kama miaka 25. Kijidudu cha malaria huzaa ndani ya damu kila saa 48, ndiyo sababu kinabadilika upesi kuliko sisi. Klorokwini tuliyoitegemea zamani kilikwisha kuishinda. Na hata dawa za artemisinini, zinazotumika sasa, vijidudu vinavyoanza kuzizoea viliandikwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021. Ndiyo maana tunakusihi umalize vidonge vyote, usimwachie jirani nusu.

Pili, watoto wa SS sasa wanaweza kuishi. Dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto 606 katika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, chini ya uongozi wa Daktari Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Watoto hao watakua, nao wataoa na kuolewa, na S itaendelea. Wako watu wanaosema kwamba hivyo tunadhoofisha damu ya wanadamu. Maneno hayo ni ya zamani. Mwaka 1933 Ujerumani ilitunga sheria ya kuwafanya tasa kwa nguvu watu walioitwa wagonjwa wa urithi, na mwisho wake dunia iliuona. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa saa nane ya usiku ana haki ya dawa, na hesabu za vizazi zitajitunza zenyewe.

Tatu, watu wameanza kusahihisha herufi za urithi kwa mkono. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliruhusu tiba ya SS ambayo chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, hubadilishwa urithi, na kurudishwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na kabla ya hapo mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uboho wake wa zamani. Tena inabadilisha uboho tu. Mgonjwa akipona, mbegu zake bado zina S, na watoto wake watairithi. Kugusa mbegu zenyewe ni jambo jingine. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza kwamba amebadilisha urithi wa mapacha kabla ya kuzaliwa. Wataalamu wa dunia walimlaumu, na mwaka 2019 mahakama ya kwao ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Huenda siku moja jambo hilo litafanywa kwa usalama. Sisi wa Birere kwanza tungefurahi kama hidroksiurea isingekosekana dukani.

Kwa wenye mtoto wa SS nyumbani

Mpe maji mengi ya kunywa mchana wote, hata akiwa shuleni. Mvishe sweta jioni, kwa maana baridi ya Goma huamsha maumivu, wala asiogelee ziwani. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Akamilishe chanjo zote, na apewe penisilini kila siku mpaka afike miaka 5, pamoja na vidonge vya asidi foliki. Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama upande wa kushoto wa tumbo: ikivimba ghafula na mtoto akageuka mweupe mdomoni, usingoje asubuhi. Mtoto mchanga akivimba mikono na miguu, mlete. Homa yoyote, mlete siku ile ile. Kichwa kikimuuma sana, au mkono mmoja ukilegea, mlete mbio. Usimchanje chale kutoa "damu mbaya". Hana hata kidogo ya kumwaga.

Sasa rudi kwa vikombe vyako. Safari hii weka maharagwe mawili mekundu katika kikombe cha baba, na katika kikombe cha mama jekundu moja na jeupe moja. Vuta mara 40. Umepata meupe mawili mara ngapi? Kisha jaribu baba mwenye meupe mawili, aliyetibiwa akakua na kuoa, na mama mwenye mekundu mawili. Waonyeshe watoto wako wakubwa, waache wavute wenyewe.